Mashine ya Pole Pole Ndiyo Ngumu

Najua wengi wenu mnakaa Xiaobei, Sanyuanli au kwenye mabweni ya vyuo huko mjini, na Shiling mnakuja siku moja tu kufuata mikoba ya jumla, mnapakia na kuondoka. Mimi nimepanga huku Huadu, kaskazini kabisa mwa Guangzhou, katikati ya karakana za ngozi, na huku ndiko ninakofanyia kazi yangu ya shahada ya uzamili. Nina miaka thelathini, nasomea uhandisi wa mitambo, na leo naomba nafasi nitoe hoja moja ambayo najua itawaudhi baadhi yenu.

Hoja yenyewe ni hii. Sisi wanafunzi wa uhandisi kutoka Afrika Mashariki tumelewa na kasi. Ukiuliza mtu anatengeneza nini, atakwambia droni, roboti, gari la umeme. Kitu cha pole pole tunakiona cha kishamba. Na mimi nasema kitu cha pole pole mara nyingi ndicho kigumu zaidi kukibuni, ndicho kinachohitajika zaidi nyumbani, na ndicho ambacho hakuna atakayetubunia tusipojibunia wenyewe.

Mfano wangu ni mashine ya kurushia mipira watoto wanaojifunza besiboli.

Nasikia mnacheka. Kwenye kikao chetu kimoja kaka mmoja alisimama akasema, "Besiboli? Wamarekani hao, bwana. Nyumbani watu wanataka maji, wewe unataka kuwarushia mipira!" Watu wakapiga makofi. Sikumjibu siku ile kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Namjibu hapa, kwa heshima zote.

Kwanza, besiboli kwetu si ndoto tena. Uganda wametutangulia. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, Pennsylvania, ikanyimwa viza kwa sababu ya mambo ya hati za kuzaliwa. Mwaka uliofuata, 2012, watoto wa Lugazi wakafika kweli, wakawa timu ya kwanza kutoka bara la Afrika kucheza pale, na wakaifunga timu ya Gresham, Oregon, kwa 3-2. Mwaka 2015 Uganda wakarudi tena, wakaifunga Jamhuri ya Dominika, nchi ambayo besiboli kwao ni kama soka kwetu. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers ikawasaini vijana wawili wa Kiganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Na mwaka 2023 Dennis Kasumba, yule kijana aliyejulikana duniani kwa video zake za mazoezi akitumia matairi ya gari, alikwenda Marekani kuchezea Frederick Keys. Tanzania nako, Dar es Salaam, Shule ya Sekondari Azania ina uwanja wa besiboli uliojengwa mwaka 2018 kwa msaada wa Wajapani. Wenyewe wanauita Koshien, kwa jina la ule uwanja wa Japani ambako wanafunzi wa sekondari hucheza fainali zao.

Kwa hiyo watoto wapo, viwanja vimeanza, vipaji vimeonekana. Kinachokosekana ni nini? Waalimu watasema glovu, mipira, magongo. (Gongo la kupigia, jamani, si lile la kunywa.) Ni kweli. Lakini kuna upungufu mwingine ambao hauonekani haraka: hakuna wa kurusha.

Fikiria mwalimu mmoja ana watoto 45. Mtoto hawezi kujifunza kupiga mpira kwa kuangalia mwenzake akipiga. Lazima apige mwenyewe. Tuseme kila mmoja apate mipira 10 tu kwa siku. Hiyo ni mipira 450. Bega la mwalimu gani litarusha mara 450, tena kwa usawa ule ule, halafu kesho arudi afundishe hesabu? Na ukisema watoto wakubwa wawarushie wadogo, kanuni za Little League zenyewe zinamwekea mtoto wa miaka 11 au 12 kikomo cha mirusho 85 kwa siku, kwa ajili ya kulinda kiwiko na bega lake. Mashine inayorusha mpira mmoja kila sekunde 6 inamaliza ile mipira 450 kwa dakika 45, na haina bega la kuuma.

Basi si tununue tu? Hapa Guangzhou si kila kitu kinauzwa? Hapo ndipo uhandisi unapoanza, kwa hiyo naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo. Nitajitahidi isichoshe.

Mashine hizi zina historia ndefu. Mwaka 1897 mwalimu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Princeton, Charles Hinton, alitengeneza ya kwake iliyorusha mpira kwa baruti, kama bunduki, na wapigaji waliiogopa hasa. Siku hizi nyingi zina magurudumu mawili yanayozunguka kwa kuelekeana; mpira unaingia katikati, unabanwa, unatupwa. Mashine kubwa hurusha hata kilomita 150 kwa saa. Kwa mtu mzima aliyebobea hiyo ni sawa. Mtoto wa miaka minane anahitaji kama kilomita 40 kwa saa.

Mtu atasema: rahisi, punguza mwendo! Zungusha swichi tu. Ngoja kwanza.

Mpira wa kilomita 150 kwa saa unafika kwa mpigaji kwa takriban sekunde 0.4. Katika muda huo mvuto wa dunia unaushusha chini kiasi cha sentimita 80. Sasa chukua mpira wa kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11 na kidogo kwa sekunde. Ukiurusha kutoka mita 14, ambao ndio umbali rasmi wa Little League, haufiki! Hata ukiurusha kwa pembe nzuri kuliko zote, nyuzi 45, utaanguka kwenye mita 12 na nusu hivi. Kwa hiyo inabidi mashine isogee mbele, tuseme mita 8, na irushe juu kwa pembe ya nyuzi 20. Mpira unapanda kama sentimita 70, unashuka, unafika kwa sekunde 0.77. Mtoto anapata karibu mara mbili ya muda wa yule mkubwa. Mpaka hapo safi.

Tatizo linakuja kwenye usahihi. Katika safari ile ya sekunde 0.77 mvuto unaushusha mpira karibu mita 2.9 chini ya mstari ulionyooka uliorushiwa. Kasi ikipungua kwa asilimia 5 tu, mpira unafika chini zaidi kwa kama sentimita 30. Hiyo ni tofauti ya kiuno na goti la mtoto. Kosa hilo hilo la asilimia 5 kwenye mpira wa kilomita 150 linaleta tofauti ya sentimita 8 tu. Mmeona? Mashine ya pole pole inatakiwa iwe na usahihi wa kasi zaidi ya mara tatu ya ile ya haraka. Ile ya haraka inaficha makosa yake. Ya pole pole inakuumbua.

Ndiyo maana mashine kubwa ikipunguzwa mwendo hurusha hovyo. Mpira mmoja unafika kifuani, unaofuata kwenye vidole vya miguu. Mtoto anakosa mara tano, anaamini yeye ndiye hajui, anatupa gongo na kurudi kwenye rede. Kumbe aliyekosea ni mashine. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu mzima anaweza kulaumu kifaa, lakini mtoto anajilaumu mwenyewe.

Sasa tuangalie suluhisho mbili, kwa sababu hapa ndipo njia yetu inapogawanyika na njia ya dukani.

Ya kwanza ni magurudumu. Chukua magurudumu mawili ya toroli ya mkono, yale ya inchi 10. Kupata kilomita 40 kwa saa yanatakiwa yazunguke kama mara 850 kwa dakika. Ukichukulia kila moja lina kilo 2, yote mawili yanahifadhi nishati ya kama juli 120. Mpira wa gramu 145 unachukua juli 9. Yaani kila mpira unapopita, magurudumu yanapungua mwendo kwa karibu asilimia 4, na mota lazima iyarudishe kabla wa pili haujaingia. Isiporudisha, huo wa pili utashuka zaidi ya sentimita 20. Kwa hiyo unahitaji mota inayojua mwendo wake na kujirekebisha.

Na hapa Shiling mota za namna hiyo zimejaa! Kila cherehani ya kiwandani siku hizi ina mota ya umeme yenye kadi yake ya kuongoza mwendo; unazungusha kitufe, inashika mizunguko unayotaka. Karakana ikifungwa au ikibadilisha mashine, mota zinauzwa za mtumba kwa bei ya kutupa. Laoban mmoja jirani yangu ana rundo zima nyuma ya duka. Angefurahi nikimpunguzia hata kesho.

Sizitaki. Si kwamba ni mbovu, ni nzuri sana. Lakini najiuliza swali moja ambalo nawasihi na nyinyi mjiulize kwenye kila mradi: kadi ile ikiungua Mbeya, nani ataitengeneza? Fundi wa Mbeya hana mchoro wake, hana spea yake, na mimi sitakuwepo. Mashine itafunikwa turubai, itawekwa stoo, na baada ya mwaka itakuwa banda la kuku. Sote tumeona shule au zahanati zenye vitu vya namna hiyo. Vilikuja vinang'aa, vikapigwa picha na mgeni rasmi, vikafa kwa kukosa kifaa cha shilingi elfu kumi.

Ya pili ni mkono. Springi inavutwa, inaachiwa, mkono wa mbao unazunguka na kurusha mpira kama mtu. Kwa kasi kubwa mkono ni hatari na ni mzito. Kwa kasi ndogo mambo yanageuka. Kumbuka mpira unahitaji juli 9 tu. Hata tukikubali kwamba theluthi mbili ya nishati inapotelea kwenye mkono wenyewe na msuguano, tunahitaji juli 30. Mguu wa mtu ukikanyaga pedali ikashuka sentimita 20, nguvu ikianza sifuri na kuishia kama uzito wa kilo 30, hizo ndizo juli 30. Hakuna umeme, hakuna betri, hakuna kadi. Mwalimu anakanyaga, springi inavutika mpaka alama yake, kikwachu kinaachia, mpira unakwenda.

Na angalia uzuri wake. Springi ikivutwa mpaka pale pale kila mara, inatoa nishati ile ile kila mara. Haijui kama aliyekanyaga ni mwalimu mnene au mwanafunzi mwembamba, wala kama mpira uliotangulia ulipita sasa hivi au dakika kumi zilizopita. Ule usahihi ambao magurudumu yanaupata kwa kadi ya umeme, springi inao kwa asili yake. Halafu kuna jambo la ufundishaji: mtoto anauona mkono ukija. Kwenye magurudumu mpira unachomoka tu ghafla. Kwenye mkono jicho linajifunza kusoma mwendo wa mrushaji, na hilo ndilo somo lenyewe la besiboli.

Usalama nao usisahaulike. Springi yenye juli 30 inavunja kidole cha mtoto bila shida. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza kwenye mchoro ni kwamba springi isikae imevutwa bila mtu. Ukitoa mguu kabla ya alama, inalegea yenyewe. Hakuna mtego unaomsubiri mtoto atakayechungulia wakati wa mapumziko. Kanuni ya pili, mkono uzunguke ndani ya kizimba cha nondo nyembamba au waya. Na ya tatu, mafunzo yaanze na mipira laini. Hata mpira wa tenisi unafaa, ila ni mwepesi, kama gramu 58, kwa hiyo alama ya springi inabadilika na mchoro lazima uonyeshe alama zote mbili.

Vifaa? Mbao ngumu, vyuma vya pembe, beringi mbili za pikipiki, springi ambayo fundi wa Gerezani au Gikomba anaikunja mwenyewe, nati na bolti. Kikombe cha kushikia mpira ni kipande cha ngozi, na hapa Shiling vipande vya ngozi vinafagiliwa kama takataka. Lakini hata hicho sihitaji kukibeba kwenye begi, kwa sababu washona viatu wa kwetu wanacho.

Nikisema ngozi niongeze jambo. Mji huu unaitwa mji mkuu wa bidhaa za ngozi wa China nzima. Sitashangaa kama begi ulilonalo hapo lilishonwa mitaa miwili kutoka ninapolala. Mafundi wa hapa, ambao tunawaita shifu kwa heshima, wengi walianza na cherehani moja sebuleni. Mpira wa besiboli ni nini? Ni kiini, nyuzi zilizoviringishwa, na vipande viwili vya ngozi vyenye umbo la nane vilivyoshonwa kwa mkono, mishono 108 ya jozi. Tanzania, Kenya, Uganda na Ethiopia tuna mifugo kuliko tunavyoweza kuhesabu, ngozi tunazo, halafu mipira tunasubiri msaada. Mashine bila mipira ni kama bunduki bila risasi. Kwa hiyo anayesomea biashara kati yenu, kazi yako hiyo hapo.

Narudi kwa kaka yetu wa maji. Kaka, sipingi maji. Lakini angalia nilichojifunza kwenye mashine hii: namna ya kutoa nishati ndogo, kiasi kile kile, mara mamia, kwa nguvu ya mguu, kwa vifaa vya mtaani. Huo ndio ujuzi wa pampu ya kukanyaga. Ndio ujuzi wa mashine ya kupandia mbegu na ya kupukuchulia mahindi. Mhandisi aliyejifunza kutuliza springi ya kurushia mpira hatashindwa na pampu. Na zaidi ya hapo, nani alisema mtoto wa Kiafrika anastahili kubuniwa vitu vya shida tu? Kila mradi wetu ni maji, malaria, njaa. Mtoto wa Lugazi au Temeke naye ana haki ya kuchezewa akili na mhandisi wa kwao, kama mtoto wa Osaka anavyochezewa.

Kuna watakaoniambia profesa hatakubali, kwamba tasnifu bila programu na sensa haina uzito. Kwa kweli hofu hiyo ipo, na nimeisikia kwa zaidi ya mmoja wetu. Jibu langu ni kwamba uzito wa tasnifu ni hesabu zake. Kupima kasi ya mipira mia, kuchora mtawanyiko wake, kuonyesha springi inachoka baada ya mikanyago elfu ngapi, kulinganisha mbao na bomba la chuma: hapo kuna sayansi ya kutosha kumshughulisha msimamizi yeyote. Sensa tumia maabara kupimia. Usiipeleke Mbeya.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa umoja wetu. Moja, kila mwanafunzi wa uhandisi anayewasilisha mradi kwenye vikao vyetu aeleze pia orodha ya spea na ataje fundi wa aina gani nyumbani anaweza kuvitengeneza. Asiyeweza kutaja, arudi kwenye mchoro. Mbili, michoro yetu tuiandike kwa Kiswahili, vipimo kwa milimita, na tuigawe bure kwa vyuo vya ufundi, VETA na wenzao wa Kenya na Uganda. Tatu, tusione haya kufanya kitu kidogo. Mwaka 2028 besiboli inarudi Olimpiki kule Los Angeles. Sisemi tutakuwepo. Nasema tu kwamba yupo mtoto wa miaka minane leo mwenye jicho kali na mkono mwepesi, na hajawahi kurushiwa mipira kumi iliyonyooka mfululizo.

Mashine ya kasi itauzwa daima na wenye viwanda, maana ina soko. Ya pole pole, ya kukanyaga, ya mtoto wa Temeke, haina soko. Ina sisi tu. Anayetaka kuona mchoro na kunikosoa anitafute huku Shiling, chai ipo, na pedali ipo ya kukanyaga mwenyewe.

Naomba kutoa hoja.